Kitabu Kisicho na Uzito

Jirani na Mubi, katika misitu ya Walikale, kuna mlima uitwao Bisie. Miaka ya 2000 wapagazi walitoka huko na mifuko ya kasiterite ya kilo 50 migongoni, wakipita matopeni mpaka Njingala. Katika mawe hayo hupatikana bati, nalo bati hutumika kulehemu vipande vidogo vidogo vilivyomo ndani ya simu. Basi simu ambayo kijana wa Nairobi au wa Ulaya husomea kitabu, huenda ina chembe ya Walikale ndani yake.

Lakini kitabu chenyewe chafikaje Mubi? Kitabu cha karatasi ni mzigo: hulipiwa nauli na ushuru, na mvua ikiharibu barabara hukwama njiani. Kitabu cha simu hakina uzito. Penye mtandao hufika kwa dakika moja. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba mchapishaji wa siku hizi hutajirika upesi, maana hanunui karatasi wala hapangi ghala. Natufanye hesabu.

Tuseme ametumia dola 3,000 kabla ya kupata nakala ya kwanza, kwa kumlipa mhariri, mchoraji na mpanga kurasa. Wakipatikana wanunuzi 1,000, kila mmoja sharti achangie dola 3 ili fedha hiyo irudi. Wakiwa 100 tu, kila mmoja achangie dola 30. Na ni nani huku kwetu atakayetoa dola 30 kwa kitabu cha hadithi? Hesabu hii haibadiliki, kitabu kiwe cha karatasi au cha simu. Mtandao waondoa karatasi na nauli, hauondoi kazi. Tena muuzaji wa mtandao hudai fungu lake. Amazon, iliyotoa chombo cha kusomea kiitwacho Kindle mwaka 2007, humwachia mtu ajichapishiaye mwenyewe asilimia 70 ya bei, au 35, kwa kadiri ya masharti.

Kuna na jambo la kunakili. Mwanafunzi mmoja hununua, kisha awatumia wenzake 40. Hana nia mbaya, na mahali pasipo duka la vitabu ni vigumu kumlaumu. Hata hivyo wasomaji 41 wamekuwa mnunuzi mmoja.

Katika Afrika ya Mashariki wachapishaji wengi huishi kwa vitabu vya shule, si kwa hadithi. Ndiyo maana huko Tanzania, vitabu vya kiada vilipowekwa mikononi mwa Taasisi ya Elimu katika miaka ya 2010, wachapishaji binafsi walipoteza soko lao kubwa. Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, huuza pia ng'ambo kwa njia ya African Books Collective, shirika la wachapishaji wa Afrika lililoundwa mwaka 1989, lenye makao Oxford. Hapo mashine mpya zasaidia kweli: nakala huchapwa baada ya kuagizwa, hata ikiwa moja tu. Hakuna rundo la vitabu liliwalo na mchwa, wala fedha iliyolala ghalani.

Hivyo profesa wa Chicago akiagiza kitabu cha Dar es Salaam, huchapiwa nakala yake na kuletewa mpaka mlangoni. Mwalimu wa Mubi, aliye karibu zaidi na Dar es Salaam, bado humngoja msafiri atokaye Goma mwenye nafasi mfukoni.