Kocha wa chuo cha Marekani akija kumuona mtoto: nani aseme, na aseme nini?

Kuko familia nyingi za Uvira, Bukavu, Goma ama Beni zenye ndugu huko Marekani. Katika mwaka wa 2016 peke yake, nchi hiyo ilipokea wakimbizi wa Kongo zaidi ya 16.000. Watoto waliofika kule wangali wadogo sasa wako sekondari. Wanacheza balo, basiketi, wengine wanakimbia. Ndiyo maana simu ya namna hii inaingia siku ya posho usiku: kocha wa chuo kikuu alikuja kiwanjani, aliangalia mechi yote, aliandika kwenye daftari lake, halafu alijiendea bila kusema hata neno moja. Mama anauliza: basi mtoto amekataliwa?

Mara nyingi hapana. Kocha alinyamaza juu sheria inamkataza kusema.

Michezo ya vyuo vingi vikubwa vya Marekani inaongozwa na shirika linaloitwa NCAA. Shirika hilo limekata mwaka wa kocha katika vipindi. Kuko kipindi anaruhusiwa kumkuta mchezaji uso kwa uso pahali popote, hata nyumbani kwa wazazi. Kuko kingine anaruhusiwa kuja kuangalia mechi, lakini nje ya chuo chake hana ruhusa ya kuongea na mtoto wala mzazi. Kuko kipindi wanaweza kuonana tu ndani ya chuo. Na kuko siku zilizofungwa kabisa: hakuna kuonana hata kama familia imefika mpaka kwenye mlango wa ofisi yake, ijapokuwa simu na barua zinaweza kuendelea. Kila mchezo una kalenda yake. Anayetaka kujua kwa nini kocha amenyamaza aanze kwa kuangalia tarehe.

Tena kuna umri. Sekondari ya Marekani ina miaka 4, darasa la 9 mpaka la 12, karibu sawa na humanités za Kongo. Kwa michezo mingi ya Divizio ya kwanza, balo ya miguu ikiwemo, kocha anaanza kuandika na kupiga simu tarehe 15 mwezi wa sita, mtoto akimaliza darasa la 10. Kukutana uso kwa uso kunaanza tarehe 1 mwezi wa nane, kabla ya kuingia darasa la 11. Mbele ya hapo, wakigongana njiani, kocha anasalimu tu na kupita. Mzazi anayemkimbilia na kumshika mkono ili amueleze habari za mtoto anamtia kocha yule matatani. Hata wakati uko wazi, siku ya mechi kocha wa chuo anangoja mpaka mchezo uishe na kocha wa timu amuachilie mchezaji. Vyuo vya NAIA, na vile vidogo vya miaka miwili, vina kanuni zake, na kwa kawaida si kali kama hizi.

Sasa siku imefika, kocha amesimama pale, mtoto yuko mbele yake. Hapa ndipo adabu ya kwetu na desturi ya kule zinapishana vibaya. Mtoto aliyelelewa vizuri Kivu anamsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa, anashika mkono wake wa kuume kwa wa kushoto, macho chini, na anangoja aulizwe. Baba ndiye anayesema. Kocha wa Marekani anaweza kuona kitu kingine kabisa: kijana asiyetaka kuja, ama asiyejiamini, na mzazi anayemtawala. Si kwamba kocha hana heshima. Anatafuta mtu atakayeishi mbali na wazazi miaka 4, atakayemfuata mwalimu mwenyewe na kumuambia kwamba mtihani umegongana na safari ya timu. Kama hawezi kusema leo, atasema lini?

Kwa hiyo mtoto ndiye aanze. Amtazame kocha machoni, ataje jina lake, darasa lake, nafasi anayocheza, na sababu moja ya kweli ya kutaka chuo kile. Kwa mfano: «Nacheza nyuma upande wa kushoto, niko darasa la 11, na nimeona chuo chenu kina masomo ya uuguzi.» Hayo yanatosha kufungua mazungumzo. Kujisifu kwa mabao hakusaidii sana. Kocha ana macho, na amekwisha kuona video.

Wazazi wasifikiri wamefukuzwa. Wao pia wanaangaliwa, na mtoto anaangaliwa namna anavyowajibu. Mzazi asalimu, asikilize, na aweke maswali yake kwa mambo ya nyumba: nani anamtunza mtoto akiumia, anakula wapi, familia italipa nini. Lakini kuko mtego kwa familia ambayo wazazi hawajazoea Kiingereza, nao ni kumfanya mtoto mwenyewe awe mtafsiri. Kocha anasema bei ya chuo, mtoto anaona aibu ama anaogopa baba atakataa, anapunguza maneno. Miezi inapita, ndipo barua ya deni inafika. Heri yaya mkubwa, jirani ama mtu wa kanisa aje kutafsiri siku ile.

Neno linaloponza watu zaidi ni «nafasi». Kocha akisema ana nafasi kwa mtoto, kule Kivu familia inaanza kuchinja kuku. Nafasi katika timu si bursi. Vyuo vingi vinachukua wachezaji wasiolipiwa hata dola moja kwa michezo, na vyuo vya Divizio ya tatu haviruhusiwi kabisa kutoa bursi ya michezo, ingawa vinaweza kusaidia kwa njia ya masomo ama ya mapato ya familia. Hata bursi ikiwepo, mara nyingi ni kipande tu. Maswali yaulizwe bila haya, tena na mtoto mwenyewe: ni nafasi yenye bursi ama bila bursi? Inalipa kiasi gani? Ni ya mwaka mmoja ama ya miaka yote? Nikivunjika mguu itakuwaje? Wachezaji wangapi wa nafasi yangu wanabaki mwaka ujao? Kocha mwema hachukii maswali haya. Na ahadi ya mdomo haimfungi yeye wala mtoto. Kinachofunga ni karatasi ya msaada wa fedha iliyotiwa sahihi. Ile barua ya zamani ya kujifunga na chuo iliondolewa na NCAA mwezi wa kumi 2024.

Kocha ataomba biletini pia. Divizio ya kwanza inadai masomo 16 ya msingi na wastani usiopungua 2,3 juu ya 4, na haijali mabao. Goma inamjua Jonathan Kuminga, lakini yeye hakupitia chuo. Mfano wa karibu zaidi ni marehemu Dikembe Mutombo: aliingia Georgetown kwa nia ya kusomea udaktari, na kocha John Thompson akamuita kwenye basiketi akiwa tayari mwanafunzi. Alitoka na diploma.

Kwa kijana aliye Bunia ama Bukavu, kukutana na kocha kama huyo uso kwa uso ni vigumu, na hapo ndipo matapeli wanaingia. Mtu anapiga simu, anajiita mjumbe wa chuo, anaomba dola za «kufungua dosie» ama asilimia ya bursi. Sheria ya NCAA inakataza kumlipa mtu kufuatana na kiasi cha bursi, na kocha wa kweli haombi feza kwa mchezaji ili amchukue. Anwani yake ya barua pepe iko kwenye ukurasa wa chuo, kijana anaweza kumuandikia moja kwa moja na kuomba waonane kwa video. Atatakiwa kuonyesha biletini zote za sekondari pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza iliyothibitishwa. Kwa waliopoteza biletini katika kukimbia vita, kazi ya kuzitafuta kwenye masomo ya zamani ianze mapema, hata kabla ya kumuandikia kocha.