Mtandao wa Kompyuta katika Shule ya Msingi

Wasomaji wa gazeti letu, siku hizi wengi wetu tuendapo likizo huitwa na walimu wetu wa zamani, tukaambiwa, "Ninyi mmesoma kompyuta, njoni mtusaidie." Ni jambo la heshima. Lakini lina hatari yake pia. Mimi niliitwa hivyo, nikafanya kazi, nikasifiwa, kisha kazi yangu ikakaribia kumharibia mwalimu mmoja jina. Nimeona vema niwaandikie habari hizi, ili atakayeitwa kesho asirudie kosa langu.

Kwanza tujue mtandao ni nini. Kompyuta iliyo peke yake ni kama kisiwa cha Nkombo siku isiyo na mtumbwi: kina watu na mali, lakini hakitoki kitu wala hakiingii. Mtandao ndio mitumbwi. Kompyuta zikiisha kuungwa, mwalimu aweza kuweka somo mahali pamoja na watoto wote wakalisoma. Mashine moja ya kupigia chapa yaweza kutumiwa na wote. Na mlango mmoja wa intaneti huwatosha wengi.

Katika nchi yetu jambo hili si geni. Mwaka 2008 Rwanda ilianza mpango wa kuwapa watoto wa shule za msingi kompyuta ndogo ziitwazo XO, zile nyeupe na kijani zenye masikio mawili kama ya sungura. Masikio yale yalikuwa ya kupokea mawimbi, na kompyuta zile ziliweza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe bila waya. Zaidi ya laki mbili ziligawanywa. Tena, kufikia mwaka 2011, nyaya za faiba zilikuwa zimekwisha kuchimbiwa hata kufika wilaya zote 30, na huku kwetu Rusizi zikafika. Basi mashine zipo na njia ipo. Kinachopungua mara nyingi ni mtu wa kuziunga vizuri na kuzilinda.

Sasa nieleze jinsi nilivyofanya. Shule ile, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa na kompyuta 20 katika chumba kimoja, 2 katika ofisi, na 1 ya kutunzia mafaili ya wote, ndiyo iitwayo seva. Kila kompyuta hufungwa waya wenye nyuzi 8 za shaba, zilizosokotwa mbili mbili. Waya huo usizidi mita 100. Ukizidi, habari hupotea njiani. Nyaya zote hukutana katika kisanduku kiitwacho swichi. Kazi yake ni kama ya mgawa barua: huitazama anwani ya kila bahasha, akaipeleka kwa mwenyewe. Swichi nayo hufungwa kwenye ruta, ambayo ndiyo mlango wa kutokea kwenda intaneti.

Kila kompyuta hupewa namba yake, kama nyumba katika mtaa. Sisi tulitumia namba zianzazo na 192.168, maana hizo zimetengwa duniani kote kwa ajili ya mitandao ya ndani.

Tena usisahau radi. Uchunguzi wa satelaiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba sehemu za Kabare, ng'ambo ya Ziwa Kivu, ni za pili duniani kwa wingi wa radi, zikitanguliwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Radi zile hazijui mpaka. Kwa hiyo usipitishe waya wa shaba hewani kutoka jengo hadi jengo. Tumia faiba, ambayo ndani yake ni uzi wa kioo, na kioo hakipitishi umeme. Hakikisha pia kwamba umeme wa chumba una waya wa ardhi, na ya kuwa jioni mtu fulani huzima mashine na kuzichomoa.

Kazi yangu ilikwisha kwa siku nne. Watoto walifurahi, mwalimu mkuu akanishukuru mbele ya walimu wote, nikanywa soda. Hapo ndipo nilipokosea. Ili watu wasisumbuke, niliweka neno la siri moja tu kwa wote, fupi na jepesi, nikaliandika kwa chaki juu ya ubao wa chumba cha kompyuta. Niliona ni msaada.

Muhula uliofuata, alama za hesabu za watoto watatu wa darasa la tano zilionekana zimepanda katika orodha iliyo kwenye seva. Aliyeziandika alikuwa mwalimu kijana, na watu wakaanza kunong'ona kwamba amepewa fedha na wazazi. Yeye akakana. Lakini kompyuta haikuweza kumtetea. Kila aliyeingia, awe mwalimu, mwanafunzi au mgeni, aliingia kwa neno lile lile, na kwa kompyuta wote walikuwa mtu mmoja. Kilichomwokoa ni daftari lake la karatasi, alilokuwa akiandika alama kwa kalamu kabla ya kuzipeleka kwenye mashine. Alama za daftarini zilikuwa zile za kwanza, za chini. Hivyo ikajulikana kwamba si yeye aliyezipandisha. Lakini aliyezipandisha hakujulikana hata leo.

Mwalimu mkuu akaniita. Akasema, "Mwanangu, nyumba hii uliijenga wewe. Tuambie, nani aliingia?" Nikamjibu, "Nisamehe, Mwalimu, sijui." Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenigombeza.

Likizo iliyofuata nilirudi kuijenga upya. Haya ndiyo mambo matano tuliyoyafanya, nami nawashauri nanyi myafanye siku ya kwanza, si baada ya msiba.

La kwanza, tuliutenga mtandao wa watoto na wa ofisi. Swichi nzuri yaweza kugawanywa mara mbili, ingawa ni kisanduku kimoja. Watoto wakapewa namba zianzazo na 192.168.10, ofisi ikapewa 192.168.20, na katikati tukaweka mlinzi. Ninyi nyote mmewahi kufika mpakani, kwenye daraja la kwenda Bukavu. Mnajua kwamba kila apitaye huulizwa karatasi zake, na asiye nazo hurudishwa. Mlinzi wa mtandao ni programu ifanyayo kazi hiyo hiyo katika ruta. Tulimwambia hivi: toka ofisini waweza kwenda upande wa watoto, lakini toka upande wa watoto hakuna kupita kwenda ofisini. Wageni wenye simu nao tuliwapa Wi-Fi yao ya pembeni.

La pili, kila mwalimu alipewa jina lake na neno lake la siri, naye hamwambii mtu, hata mwalimu mkuu. Neno hilo liwe refu. Maneno manne yasiyohusiana, yaliyopangwa pamoja, ni magumu kukisia kuliko neno moja lenye tarakimu mwishoni, na ni mepesi kukumbuka. Sasa seva huandika nani aliingia saa ngapi na faili gani aliligusa. Tulibadili pia neno la siri la ruta lililotoka kiwandani, maana maneno hayo hujulikana na watu wengi. Watoto wadogo wa darasa la kwanza hatukuwalazimisha maneno marefu. Wao huingia kwa jina la darasa, na upande wao hauna siri yoyote ya kuibwa.

La tatu, kuzitengeneza programu kila zinapotolewa marekebisho. Wengi hulipuuza hili kwa sababu hula data na wakati. Sikilizeni habari ya WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa dawa ya tundu moja katika programu yake ya Windows. Waliochelewa kuiweka walishambuliwa tarehe 12 Mei mwaka huo huo. Kirusi kile kiliingia katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai fedha. Wengine walikuwa na karibu miezi miwili ya kujikinga, nao hawakujikinga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kadhalika tulikataza flashi za mifukoni kuchomekwa kwenye kompyuta za ofisi, maana virusi vingi husafiri ndani yake.

La nne, nakala. Kila Ijumaa mtu mmoja mwenye zamu hufanya nakala ya mafaili yote. Kanuni njema ni hii: faili liwe mahali patatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ya nakala hizo ikae mbali na shule. Nakala iendayo nje hufungwa kwa neno la siri, ili ikipotea njiani asiweze mtu kuisoma. Hata daftari la karatasi lisitupwe. Mmeona lilivyofanya kazi.

La tano, kuwalinda watoto na mabaya ya intaneti. Iko njia nyepesi isiyo na gharama. Tangu mwaka 2020 kampuni ya Cloudflare hutoa anwani 1.1.1.3, ambayo ukiiandika katika ruta, kurasa nyingi chafu hazifunguki. Tena kwa programu ya Kiwix twaweza kuiweka Wikipedia ndani ya seva yenyewe, watoto wakaisoma bila kutoka nje na bila kulipia data. Lakini hakuna chujio liwezalo kushika nafasi ya mwalimu. Tulipanga meza kando ya kuta, vioo vya kompyuta vikielekea katikati, ili mwalimu asimamapo katikati avione vyote.

Labda mtu atauliza, "Taabu yote hii ya nini, kwa watoto wa shule ya msingi?" Jibu ni kwamba katika ofisi ile kuna majina ya watoto, siku zao za kuzaliwa, majina ya wazazi, na hata habari za magonjwa yao. Sheria ya Rwanda nambari 058/2021, ya tarehe 13 Oktoba 2021, inalinda habari za mtu binafsi. Nayo inataka habari za mtoto aliye chini ya miaka 16 zisitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi wake. Mtoto wa miaka saba hajui kujitetea. Aliyefunga nyaya ndiye aliyechukua dhamana.

Siku ya mwisho nilifanya jambo moja ambalo mara ya kwanza sikulifanya. Nilimketisha mwalimu mkuu mbele ya seva pamoja na mwalimu aliyemchagua kuisimamia, tukaandika katika daftari namba zote na mahali pa kila waya, daftari likafungiwa kabatini. Kisha nikamwomba alifute jina langu katika orodha ya wenye ruhusa. Akashangaa, akasema, "Lakini wewe ni mtu wetu!" Nikamjibu, "Ndiyo, Mwalimu, na ndiyo maana. Fundi akimaliza kujenga hukabidhi ufunguo."

Akalifuta. Yule mwalimu kijana alikuwa wa kwanza kuingia kwa neno lake mwenyewe. Aliziandika alama za darasa lake, akafunga mashine, akaenda zake nyumbani.

Wenzangu, mkiitwa likizo hii, nendeni. Lakini chaki iacheni ubaoni kwa ajili ya hesabu.