Seli Inapokataa Kusikia

Kila mmoja wetu alianza akiwa seli moja tu. Seli hiyo ikagawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne, hata ukakamilika mwili wenye matrilioni ya seli. Basi na tujiulize: ni nini kinachoziambia seli za kidole zikome pale zilipofika, zisiendelee kuota?

Wataalamu wanatufahamisha kwamba seli hupelekeana ujumbe kwa njia ya kemikali. Juu ya utando wa seli mna vipokezi mfano wa kufuli, na ujumbe ndio ufunguo wake. Mtu akijikata kisu, seli za jirani hupata habari, zikagawanyika mpaka kidonda kizibe. Kisha huambiwa basi, nazo hutii.

Ndani ya seli nako mna vituo vya ukaguzi. Mwaka 2001, Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kubainisha namna mgawanyiko huo unavyoongozwa. Miongoni mwa walinzi ni protini ya p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Vinasaba vikiharibika, husimamisha kazi ili virekebishwe. Ikishindikana, huiamuru seli ife ili mwili usalimike.

Seli isiyosikia tena amri ndiyo mwanzo wa saratani. Aina hatari za virusi vya HPV huingia katika seli za shingo ya kizazi na kutengeneza protini mbili: moja huangamiza p53, ya pili humlemaza mlinzi mwingine aitwaye Rb. Lango hubaki bila bawabu. Maradhi hukua kimya kimya kwa miaka mingi, na akina mama wengi hufika hospitali maji yamekwisha kuzidi unga.

Chanjo ipo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Wapo wazazi wanaosita, wakisema binti bado mdogo. Tunawajibu kwa upole: chanjo hufaa zaidi kabla virusi havijaingia, hivyo udogo ndio wakati wake. Wengine huona ni kumtilia binti shaka. La hasha! Hata aliyejitunza huweza kuambukizwa na mumewe katika ndoa ya halali. Na akina mama nao wasiache kupimwa, kwani dalili za awali zikionekana mapema hutibika.

Mwili ni amana. Tusingoje walinzi wake wauawe ndipo tuamke.