Je, Wajua? Zip huzaliwa bila kugusa diski

Mwanafunzi akibofya kitufe cha kupakua matokeo ya muhula, hupokea faili moja la zip. Huenda faili hilo halikuwahi kuandikwa kwenye diski ya seva: programu ililitunga lote ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, ikalituma, kisha ikaiachia nafasi ile. Ni ufundi mzuri unaostahili kujulikana na kila anayejifunza kuandika programu.

Je, wajua kwamba zip haihitaji faili ili itengenezwe? Inahitaji baiti tu. Katika Python, BytesIO hutenga sehemu ya kumbukumbu inayotumika kama faili, na amri ya writestr hupokea matini pamoja na jina utakaloyapa. Watumiaji wa Java wana ByteArrayOutputStream na ZipOutputStream. Wa C# wana MemoryStream na ZipArchive. Hakubaki nakala za muda za kufuta baadaye.

Je, wajua kwamba Python haibani chochote mpaka uiagize? Usipotaja ZIP_DEFLATED, matini huwekwa jinsi yalivyo. Neno "habari" lina baiti 6, lakini ukiliweka hivyo katika zip kwa jina a.txt, utapata baiti 114, kwa kuwa maelezo ya faili na orodha ya yaliyomo yana uzito wake. Hata ukibana, neno fupi halipungui. Faida huonekana matini yanapokuwa marefu na yenye marudio.

Je, wajua kwamba zip huandika orodha ya yaliyomo mwishoni? Ni kama kitabu chenye orodha ya sura kwenye ukurasa wa nyuma kabisa. Orodha hiyo huandikwa pale programu inapoifunga zip. Ndiyo maana anayechukua baiti kabla ya kufunga hupata faili lisilofunguka, ingawa matini yote yamo. Funga kwanza, ndipo usome.

Je, wajua kwamba mbinu ya kubana ina mizizi ya mwaka 1952? Mwaka huo David Huffman alichapisha njia ya kuzipa herufi zinazotumika sana alama fupi, na zile adimu alama ndefu. Aliigundua akiwa mwanafunzi wa MIT, Marekani, alipokuwa akiandika kazi ya darasani. Mwaka 1977 Abraham Lempel na Jacob Ziv wakaonyesha kwamba maneno yanayojirudia yanaweza kuachwa, mahali pake pakawekwa maelekezo: rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa. Deflate, mbinu inayotumiwa zaidi katika zip, huunganisha njia hizo mbili, na hutazama nyuma hadi baiti 32,768.

Je, wajua kwamba baiti mbili za kwanza za zip kwa kawaida ni herufi PK? Ni za Phil Katz, Mmarekani aliyetoa programu ya PKZIP mwaka 1989. Fungua faili la docx, xlsx au apk kwa programu inayoonyesha baiti ghafi, nawe utazikuta, kwa sababu yote hayo ni zip yenye jina jingine. Hivyo anayejua kutunga zip kwenye kumbukumbu ameshapata msingi wa kutunga hati za ofisi kwa programu yake.

Je, wajua kwamba kalenda ya zip huanza mwaka 1980? Muundo wake wa kawaida wa tarehe ulirithiwa kutoka mfumo wa DOS, na huhesabu sekunde mbili mbili. Matini yaleyale yakifungwa leo na kesho hutoa baiti tofauti, kwa kuwa saa imebadilika. Wanaotaka matokeo yasiyobadilika huweka tarehe moja ya kudumu, mara nyingi Januari 1, 1980.

Je, wajua kwamba zip ndogo yaweza kuiangusha seva? Faili maarufu la 42.zip lina kilobaiti 42 hivi, lakini likifunguliwa tabaka zote hufikia petabaiti 4.5. Kumbukumbu ya kompyuta hujaa upesi kuliko diski. Kwa hiyo, programu inayopokea zip kutoka kwa watu iwekewe kikomo, ihesabu baiti kadiri zinavyotoka, na isimame kikomo kinapofikiwa. Isiuamini ukubwa ulioandikwa ndani ya zip yenyewe, maana aliyeitengeneza anaweza kuandika namba yoyote.