Je, Wajua? Mchoraji Aliyekimbizana na Mwanga

Je, wajua kuwa jua la rangi ya chungwa katika "Impression, soleil levant", mandhari ya bandari ya Le Havre aliyoichora Claude Monet mwaka 1872, haling'ai kuliko anga linalolizunguka? Ligeuze kuwa picha ya nyeusi na nyeupe, nalo karibu litoweke. Jicho linavutwa na tofauti ya rangi, si ukali wa mwanga.

Kabla ya 1841 rangi za mafuta zilitunzwa kwenye vibofu vya nguruwe. Mwaka huo Mmarekani John Goffe Rand akasajili hataza ya tyubu ya bati, na kuchorea nje kukawa rahisi. Kwa faida na hasara: mchoro wa Monet wa ufukwe wa Trouville, wa 1870, una punje za mchanga zilizonasa kwenye rangi hadi leo.

Nani alisema kivuli ni cheusi? Katika "La Pie", mandhari ya theluji, Monet alivipaka vivuli buluu. Majaji wa maonyesho rasmi ya Paris waliukataa mchoro huo mwaka 1869. Leo umo katika makumbusho ya Musée d'Orsay, na watu hulipa kiingilio kuutazama!

Alipochora marundo ya ngano ya Giverny, kijiji alikoishi, Monet alikuwa na turubai kadhaa kando yake. Mwanga ukigeuka, anaweka moja chini na kushika nyingine. Mwaka 1891 miti ya mipopla aliyokuwa akiichora ilipopigwa mnada, alichangia bei na mfanyabiashara wa mbao ili isikatwe kabla hajamaliza. Ukaidi wa aina hiyo haufundishwi chuoni.

Je, wajua kuwa alifuata ukungu London makusudi? Kati ya 1899 na 1901 alikwenda mara tatu, akakaa hoteli ya Savoy, dirisha likitazama mto Thames. Ukungu ule ulichanganyika na moshi wa makaa ya mawe, ukageuka njano, zambarau, hata kijani. Wakazi walikohoa; yeye alihuzunika siku zilipokuwa angavu. Alianza turubai karibu 100, nyingi akazimalizia Giverny.

Mwaka 1912 madaktari walimkuta na mtoto wa jicho. Alipopasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, akalalamika kwamba sasa anaona buluu kupita kiasi.