Bei ya Sungura Huanzia Bandani

Katika nyanda za juu za Kenya ya kati, hasa Kiambu, Murang'a na Nyeri, ambako mashamba yamekuwa yakigawanywa baina ya warithi hadi ng'ombe wa pili akakosa pa kusimama, sungura wa nyama amepata nafasi yake nyuma ya nyumba, kwa kuwa hahitaji malisho mapana wala mtaji mkubwa, na jike wake hubeba mimba kwa siku 31 hivi kabla ya kuzaa watoto ambao kwa kawaida huwa kati ya 6 na 10. Mashaka ya mfugaji huanza siku anapoulizwa na jirani bei ya sungura mmoja, naye akataja ile aliyoisikia kwa mfugaji mwingine, ambaye pia aliisikia mahali, bila yeyote kati yao kujua kama bei hiyo inarudisha hata gharama ya chakula.

Mkanganyiko huo umezidishwa na kuchanganywa kwa bei mbili ambazo hazina uhusiano wa karibu. Sungura wa mbegu, yaani yule anayenunuliwa ili azalishe, huuzwa kwa bei ya ukoo wake na matumaini ya mnunuzi, ilhali sungura wa kitoweo huuzwa kwa bei ambayo mlaji yuko tayari kuilipa akilinganisha na kuku, samaki au nyama ya ng'ombe. Wafugaji wengi nchini Kenya wamewahi kuuziwa mbegu za New Zealand White, Flemish Giant au Chinchilla kwa bei ya juu mno, pamoja na ahadi kwamba muuzaji angerudi kununua watoto wote, na hata mkojo wao kwa ajili ya mbolea. Ahadi ilipovunjika, mabanda yakabaki yamejaa wanyama wasio na mlaji, kwa sababu soko lote lilikuwa la wafugaji kuuziana mbegu wenyewe kwa wenyewe. Biashara ya mbegu ni halali na ina umuhimu wake, lakini ni dhuluma kumfanya mfugaji mdogo aamini kwamba bei ya mbegu ndiyo bei ya nyama.

Bei ya nyama inapaswa kujengwa kuanzia bandani, na hesabu yake haimshindi mtu yeyote mwenye daftari. Uchukuliwe mfano wa jike mmoja anayezaa mara 4 kwa mwaka na kukuza watoto 6 kila uzao hadi kuachishwa kunyonya, ambao jumla yao ni 24. Wakifa 4 kwa kuhara au ajali, jambo la kawaida hata katika banda linalotunzwa vizuri, hubaki 20 wa kuuzwa. Kila mmoja wao, tangu aachishwe kunyonya akiwa na wiki 5 hivi mpaka afikie kilo 2.4, atakula karibu kilo 6 za peleti, yaani chakula kilichosagwa na kushindiliwa kuwa punje ndogo, kwa sababu sungura anayekua huhitaji kati ya kilo 3 na 4 za chakula hicho ili kuongeza kilo moja ya uzito wake. Wafugaji wengi huishia hapo, na hapo ndipo hasara yao inapoanza, kwani wamemsahau mama. Jike anayekula gramu 200 kwa siku humaliza kilo 73 kwa mwaka, na ikiongezwa sehemu yake ya chakula cha dume, pamoja na kile kilicholiwa na watoto waliokufa, mzigo huo ukigawanywa kwa sungura 20 humwangukia kila mmoja kwa kilo 4 zaidi. Kila sungura anayetoka bandani, kwa hiyo, amebeba kilo 10 za chakula mgongoni mwake.

Ikiwa kilo moja ya peleti, kwa bei ya mfano tu, ni shilingi 50 za Kenya, chakula pekee ni shilingi 500. Uchakavu wa vizimba nao una gharama: kizimba kilichojengwa kwa shilingi 6,000 na kudumu miaka 5 hula shilingi 1,200 kila mwaka, ambazo ni shilingi 60 kwa kila sungura, na dawa na nauli zinaweza kuhesabiwa shilingi 30. Kazi ya mikono, ambayo wanawake na vijana wa nyumbani huifanya bila malipo na kwa hiyo huachwa nje ya daftari, inastahili kuandikwa kama gharama nyingine yoyote. Nusu saa kwa siku kwa majike 4 ni zaidi ya saa 2 kwa kila sungura anayeuzwa, na hata ikithaminiwa kwa shilingi 60 tu kwa saa hufikia shilingi 140 hivi. Jumla ni shilingi 730.

Sungura wa kilo 2.4 haachi kilo 2.4 za nyama, kwani akishachinjwa, akachunwa na kutolewa utumbo, hubakia takriban nusu ya uzito wake au zaidi kidogo, na katika mfano huu nyama itakuwa kilo 1.3. Shilingi 730 zikigawanywa kwa kilo 1.3 hutoa karibu shilingi 560 kwa kilo, na hiyo ni bei ambayo haimwachii mfugaji faida yoyote. Mwenye kuuza chini yake anamlisha jirani kwa jasho la nyumba yake, na ana haki ya kulijua hilo kabla ya kukubali kupunguza.

Jibu la kawaida kwa hesabu hiyo ni kwamba majani hayauzwi, na ni kweli kwamba mfugaji anayeweza kuweka matembele, majani ya mahindi na nyasi zilizonyaushwa badala ya nusu ya peleti anaweza kushusha gharama katika mfano huu hadi shilingi 480 kwa sungura, yaani 370 hivi kwa kilo, akabaki na nafasi pana ya faida. Hata hivyo majani hulipwa kwa muda. Sungura anayefikia uzito wa kuchinjwa kwa wiki 13 akila peleti anaweza kuchukua miezi 4 au 5 akitegemea majani kwa sehemu kubwa, na katika muda wote huo anashikilia kizimba ambacho uzao unaofuata unakihitaji, huku saa za kukata na kukausha majani zikiongezeka. Mfugaji mwenye busara hupima chakula cha aina zote mbili kwa uzao mmoja au miwili, akaandika, ndipo akaamua.

Ugumu unaofuata ni namna ya kutaja bei. Katika masoko mengi ya vijijini kuku wa kienyeji huuzwa kwa kichwa, akikadiriwa kwa macho na kwa kupapaswa, na wanunuzi huleta desturi hiyo kwa sungura, ingawa manyoya yake huficha ukondefu na unene kwa pamoja, hata wawili wanaolingana kwa macho wakapishana kwa nusu kilo. Mizani ya kuning'iniza, ambayo si ghali, huondoa ubishi huo, na inafaa kutumika mbele ya mnunuzi huku bei ya kilo moja ya sungura hai na ya kilo moja ya nyama zikiwa zimeandikwa wazi. Katika mfano uliotangulia, shilingi 560 za nyama ni sawa na shilingi 304 hivi kwa uzito hai, na asiyeijua tofauti hiyo hudhani muuzaji anabadilisha bei kila akiulizwa.

Lakini kwa mnunuzi wa kawaida kikwazo kikubwa huenda kisiwe bei ya kilo, bali ni kulazimika kununua mnyama mzima. Mtu aliyezoea kuingia buchani na kuomba robo ya nyama hawezi kwa urahisi kutoa mamia ya shilingi kwa mlo mmoja, hata kama hesabu ya kilo inampendelea. Muuzaji anayelielewa hilo huwaunganisha majirani wawili wanunue sungura mmoja na kugawana, au hupokea malipo kidogo kidogo kabla ya siku ya kuchinja. Udogo wa mnyama huyo, kwa upande mwingine, ni neema katika nyumba zisizo na friji, kwa kuwa kilo 1.3 huliwa zikaisha siku hiyohiyo, na mfugaji asiye na oda huendelea tu kumlisha mnyama wake akiwa hai.

Kumlisha huko kuna kikomo. Baada ya kilo 2.5 hivi, kila gramu inayoongezeka hugharimu chakula kingi kuliko iliyotangulia, na madume yanayobaleghe huanza kupigana na kujeruhiana. Kwa sababu hiyo wateja hutafutwa kabla ya jike kupandishwa. Mfugaji anayelenga Krismasi kwa kutumia peleti anapaswa kumpandisha jike kufikia tarehe 20 Agosti, ili azae karibu na tarehe 20 Septemba na watoto watimize wiki 13 siku chache kabla ya sikukuu. Anayetegemea majani anapaswa kuanza kati ya katikati ya Juni na katikati ya Julai.

Muuzaji anahitaji pia kuwajua majirani zake kwa imani zao, kwa heshima na si kwa hila. Waislamu wa madhehebu ya Sunni huruhusiwa kula sungura, na ipo hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik, katika Sahih al-Bukhari, inayoeleza kwamba Mtume alipelekewa nyama yake akaipokea. Wengi wao watapenda kumnunua akiwa hai ili achinjwe kwa taratibu za dini. Kwa Mashia Ithnaashari, ambao wana jumuiya za siku nyingi Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, nyama hiyo ni haramu, na Waadventista Wasabato, walio wengi Kisii na katika milima ya Upare, huiepuka kwa kufuata Mambo ya Walawi sura ya 11. Banda lililozungukwa na waumini hao linahitaji wateja wa mbali, na nauli ya kuwafikia ni gharama ya kuandikwa.

Zaidi ya imani kuna usalama wa mlaji: sungura aliyetibiwa haendi sokoni kabla ya kumalizika kwa siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, na anayeuza nyama badala ya mnyama hai aulize kwanza kwa afisa wa mifugo au wa afya wa eneo lake kuhusu kibali na ukaguzi.

Hoteli na mikahawa hutamaniwa na wafugaji wengi, ingawa mahitaji yao hayalingani na banda la majike 4. Mkahawa unaotaka sungura 20 wa uzito mmoja kila wiki unahitaji 1,040 kwa mwaka, ambao, kwa kiwango cha 20 kwa kila jike, ni kazi ya majike 52. Wafugaji 13 wenye majike 4 kila mmoja wanaweza kuibeba kazi hiyo wakikubaliana kalenda: kila wiki mmoja wao hupandisha majike yake yote kwa pamoja, na zamu humrudia baada ya wiki 13, hivyo kila jike huzaa mara 4 kwa mwaka na kila wiki banda moja huwa na sungura 20 walio tayari. Kupandisha kwa pamoja kuna faida nyingine kwa mfugaji mwenyewe, kwa sababu majike yakizaa ndani ya siku mbili, watoto wa aliyezaa wengi mno, au wa mama aliyekufa, wanaweza kuhamishiwa kwa mwenye watoto wachache wakanyonyeshwa pamoja na wake.