Risasi Ikigoma, Iangalie Fataki Kwanza

Asubuhi za Juni na Julai upande wa Longido na Ngare Nanyuki baridi huwa kali, na huo ndio msimu ambao malalamiko ya risasi kugoma husikika sana Arusha. Mwindaji avuta triga, asikia "kach", kisha kimya. Neno linalofuata ni lile lile: risasi mbovu.

Mara nyingi risasi haina kosa. Fataki, kile kikombe cha shaba chenye upana wa milimita 5 na kidogo kitakoni mwa ganda, huwaka tu ikigongwa kwa nguvu ya kutosha. Mafuta mengi ndani ya bolti huganda kwa baridi na kuifanya pini inayoigonga fataki ije polepole. Alama yake kwenye fataki huwa ya juu juu, kama imeguswa na ncha ya kalamu. Ukiona hivyo, ioshe bolti uikaushe kabla ya kutupa risasi.

Risasi zilizojazwa upya kwa mkono, ambazo wageni wengine huja nazo kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, zina ugonjwa wao. Pitisha kidole kitakoni: fataki inatakiwa ikae chini ya uso wa ganda kwa takriban milimita 0.1. Ikichomoza, pini humaliza nguvu zake kuisukuma ndani badala ya kuilipua. Dalili yake ni kwamba risasi hiyo hiyo ikigongwa mara ya pili huwaka. Chanzo ni masizi yaliyoachwa kwenye tundu la fataki, au mkono uliobonyeza kwa haraka.

Alama ikiwa na kina kizuri na bado kimya, hapo ndipo uishuku fataki yenyewe, hasa kama imeguswa na mafuta au unyevu. Fataki iliyobapa kabisa, iliyotoboka au yenye masizi pembeni ni habari nyingine, nzito zaidi: huenda shinikizo limezidi. Usifyatue nyingine ya kundi hilo.

Jambo moja silifanyii mzaha. Risasi ikigoma, usifungue bolti papo hapo. Mtutu uelekee mahali salama, subiri walau sekunde 30, kwa kuwa baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Na ukisikia mlio hafifu, kama kizibo kinachotoka, kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama mtutuni. Ukifyatua nyingine, mtutu unaweza kupasuka mikononi mwako. Kwa bunduki ya .375, kipimo cha chini kisheria hapa Tanzania kwa nyati, hilo si dogo.

Utengenezaji wa risasi nchini unatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kwa hiyo usijaribu kuirekebisha risasi iliyogoma nyumbani. Iweke kando pamoja na boksi lake, uipeleke kwa fundi bunduki mwenye leseni, naye ataisoma hiyo alama mbele yako.